Kebo Zote Siku Hizi Zina Mdomo Mmoja, Tumbo Ndilo Hujui

Wasee, leo siongei kamera. Siongei lenzi, siongei taa, siongei simu gani inashika video poa usiku. Leo naongea waya. Hiyo waya imejikunja hapo kando ya kitanda, ile unachajia simu asubuhi na jioni unahamishia video. Mimi na hiyo waya tuna kesi.

Mwezi wa nane mwaka jana nilipata kazi ya harusi Donholm. Tulikubaliana thao ishirini na tano: kumi mbele, kumi na tano kazi ikiisha. Kwa msee anayelipa bedsita ya 7,500 hapa Umoja, hiyo kumi na tano ni miezi miwili ya kupita kwa ngazi bila kumkwepa keateka. Sharti lilikuwa moja tu. Ibada inaisha saa saba mchana, na kufikia saa kumi na moja jioni video fupi ya dakika tatu iwe tayari, ionyeshwe kwa projekta wageni wakiwa bado kwa meza. Nikasema sawa. Nilikuwa nimewahi kufanya hivyo kwa bathdei, nikajua ni kitu naweza.

Kamera zilikuwa mbili, moja yangu, moja ya kukodi. Jumla ya video ilikuwa gigabaiti 118. Saa nane kamili nikaketi nyuma ya tenti, nikatia kadi kwa laptopu, nikaunganisha ile diski yangu ya SSD ya nje, nikaanza kuhamisha. Laptopu ikaniambia: dakika 56.

Nilidhani inatania. Diski yenyewe niliuziwa nikiambiwa inakimbia. Nikangoja. Ilipofika kama asilimia 80, mtoto fulani anakimbizana na mwenzake akagonga meza, waya ikacheza kidogo, diski ikapotea. Sikujua faili gani imeingia mzima na gani imekatika, kwa hivyo nikaanza upya. Ilipoisha ilikuwa inakaribia saa kumi. Kuanza kuhariri moja kwa moja kutoka kwa hiyo diski, picha inakwama kila nikigusa. Nasukuma sekunde mbili, nangoja sekunde tano.

Saa kumi na moja na nusu mama ya bibi harusi alikuja nyuma ya tenti. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana wangu, wageni wameanza kuondoka." Shosho wa bwana harusi alikuwa amewekwa kiti cha mbele kabisa ndio aone vizuri. Alirudi Murang'a jioni hiyo bila kuona kitu. Video niliituma siku mbili baadaye. Ile kumi na tano sikuwahi kuiona, na sikuidai, kwa sababu ningedai nikisema nini?

Kwa miezi mitatu niliamini shida ni laptopu. Nilianza hata kuweka pesa ya laptopu mpya, nikaacha kununua vitu, mathe akaanza kuniuliza kama niko mgonjwa. Kisha beste yangu mmoja anayefanya kazi ya kutengeneza kompyuta alikuja keja, akaangalia hiyo waya, akachomoa ya kwake kwa begi, akaniambia jaribu na hii. Laptopu ni ileile, diski ni ileile. Faili iliyokuwa inachukua karibu dakika tano ikaingia kwa sekunde ishirini na kitu.

Niliketi kitandani. Kitu ilikuwa imenila thao kumi na tano na jina langu Donholm ilikuwa waya ya 350.

Sasa wacha nieleze kwa nini, juu hii ndiyo sehemu hakuna mtu alinieleza.

Hiyo mdomo ya USB-C, ile ya yai inaingia pande zote mbili, ilitoka mwaka wa 2014. Ndani ina pini 24. Lakini si lazima kebo iwe na nyaya za kujaza pini zote. Mtengenezaji akitaka kuokoa shaba, anaweka nyaya chache tu: za moto, za kurudisha moto, moja ya kuongea na chaja, na jozi moja ya data ya USB 2.0. USB 2.0 ni ya mwaka wa 2000. Kasi yake kwa karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, na ukitoa hasara za njiani unabaki na megabaiti kama 35 hivi za ukweli. Mimi nilikuwa naendesha kazi ya mwaka jana kwa kasi ya mwaka ambao sikuwa nimezaliwa.

Kebo ya pili, yenye mdomo uleule kabisa, ikiwa na nyaya zote inabeba gigabiti 5, au 10, au 20. Ile ya USB4, iliyotangazwa 2019, inafika 40. Thunderbolt 5 ya Intel ya mwaka wa 2023 inabeba 80, na ikibidi upande mmoja 120. Zote ukiziweka kwa meza zimelala sambamba huwezi zitofautisha kwa macho. Ni kama vile sahani za hoteli zote zimefunikwa, unalipa kwanza ndio ufunue ujue kama ni pilau ama ni wali mtupu.

Anko yangu aliwahi kuwa mpiga video za harusi miaka ile ya kanda ndogo za MiniDV. Wakati huo Riverwood ilikuwa imechacha pale River Road, filamu zinashutiwa na kutoka kwa siku chache. Ananiambia wao walikuwa na kebo inaitwa FireWire. Ilikuwa ni kazi ya Apple na wenzake kina Sony, ikawa kiwango rasmi mwaka wa 1995, na Sony wakaiita i.LINK kwa mashine zao. Ilibeba megabiti 400, na video ya DV ilihitaji kama 25 tu, kwa hivyo nafasi ilikuwa tele. Kanda ya saa moja ilichukua saa moja kuingia kwa kompyuta, kwa sababu ilikuwa inachezwa mwanzo hadi mwisho. Gigabaiti 13 hivi kwa saa moja ya kanda.

Nilimwambia hiyo ni mateso. Akacheka. Akasema, "Lakini sisi tulijua. Kanda ni saa moja, unaweka, unaenda kunywa chai, unarudi. Na ile waya ilikuwa na mdomo wake. Ukiiona ulijua ni nini." Hapo alinishika. FireWire ilifanana na FireWire peke yake. Hata USB 3.0 ilipokuja 2008 wengi waliweka plastiki ya buluu ndani ya mdomo, ukiona buluu unajua ni ya kasi. Halafu tukaletewa mdomo mmoja wa kila kitu, tukapiga makofi, na ile alama ikapotea.

Na usidhani ni shida ya waya za mtaani pekee. iPhone 15 Pro ilipotoka 2023, simu yenyewe ilikuwa na uwezo wa gigabiti 10. Kebo iliyowekwa kwa boksi? USB 2.0. Apple hao hao wanauza kebo ya kuchaji ya wati 240, nene, ya kitambaa, safi kabisa, na data yake ni megabiti 480. Hawadanganyi, wameandika kwa maelezo yao. Lakini nani anasoma? Unaona kebo ya pesa mingi imeshonwa kama viatu, unasema hii lazima ni moto. Wati si kasi ya data. Kebo inaweza kujaza laptopu kwa nguvu na ibebe video kama konokono. Hicho kitu kimoja, kama hutakumbuka kingine chochote hapa, kikumbuke.

Halafu kuna majina. USB 3.0 ikaitwa USB 3.1 Gen 1, kisha ikaitwa USB 3.2 Gen 1, na bado ni gigabiti 5 zilezile. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na naapa hakuna somo lilinichanganya kama hayo majina. Wenye kiwango wenyewe waliona aibu, wakaanza kusukuma watu waandike tu kasi: 10Gbps, 20Gbps, 40Gbps, na wati kando yake. Ukipata kebo imechapwa hivyo kwenye kichwa chake, si kwa karatasi ya nje, angalau kuna mtu amejaribu kukuheshimu. Ile ya Thunderbolt ina alama ya radi na namba.

Paketi ya waya yangu, nimeitunza mpaka leo, imeandikwa hivi: Super Speed, 10Gbps, 8K, 240W. Kwa waya yenyewe hakuna kitu kimeandikwa.

Nilirudi kwa duka. Ni duka dogo tu mjini, moja ya yale ya kugawanya, watu sita ndani ya nafasi ya kitanda. Nilikuwa nimejipanga kugombana. Jamaa wa pale, mtu mzima, akachukua waya, akaigeuza, akaniuliza, "Haichaji?" Nikamwambia inachaji vizuri. "Sasa shida iko wapi, kijana?" Nikamweleza. Aliniangalia kama mtu anayeelezwa ndoto. Akatoa boksi zima la hizo waya, zote paketi moja, akaniambia chagua ingine. Hakuwa mwizi. Ananunua kwa jumla, anauza, na anayemletea pia hajui. Kutoka kiwandani mpaka kwa mkono wangu sidhani kuna mtu hata mmoja aliyewahi kuhamisha faili na hiyo waya.

Ndio maana mimi sikubaliani na wasee wanaosema "nunua orijino tu." Orijino ya nani? Na kwa pesa gani? Ile kebo nzuri niliyonunua baadaye ilikuwa 1,800. Kuna mwanamume hapa mtaani anabeba mawe siku tatu ndio apate hiyo. Kumwambia mtu wa Kayole anunue orijino bila kumwambia ataijuaje ni kumtupia lawama tu. Ataenda alipe 1,800 na arudi na USB 2.0 iliyovaa suti.

Mimi nataka kitu kimoja kidogo sana. Bidhaa ikiingia hii nchi lazima ifikie viwango, na KEBS wana stika yao ya bidhaa za kutoka nje. Sawa. Kwa kebo, kasi ya data iandikwe kwenye waya yenyewe, isiyofutika, na sampuli zipimwe kama kweli. Si kazi ngumu. Kipimo chenyewe ni laptopu na diski na dakika moja. Sheria ya Kulinda Watumiaji ipo tangu 2012 na inakataza kudanganya kuhusu uwezo wa bidhaa. Mahakama ya Madai Madogo ipo pia, tangu 2021. Lakini nani ataacha kazi asubuhi aende Milimani kushtaki kwa sababu ya 350? Hapo ndipo wanatushindia. Kila mmoja anaibiwa kidogo mno kugombana.

Na hii serikali inajua sisi ni nani wakati wa kuhesabu pesa. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, malipo ya maudhui ya mtandaoni yanakatwa asilimia 5 kabla yafike kwa mfuko wako, na mwanzoni walikuwa wanataka 15. Kwa hotuba tunaambiwa vijana waingie kwa uchumi wa kidijitali. Sawa, tumeingia. Kama mimi ni biashara wakati wa kukatwa, basi niwe biashara wakati wa kuuziwa jembe. Mkulima akiuziwa mbolea yenye mchanga nchi nzima inasimama, na ni haki isimame. Sisi tukiuziwa waya ya uongo ni "hawa watoto wa TikTok."

Najua kuna wenye watasema talanta haihitaji waya. Wataniambia Ethic walitoka hapahapa Umoja mwaka wa 2018 na Lamba Lolo, na hawakungoja vifaa vya bei. Nakubali, kabisa. Hiyo ngoma ilibadilisha mtaa mzima, na kama ungengoja kebo ya gigabiti 40 ndio uanze, ungekuwa bado unangoja. Wazo ni la bure.

Lakini muda si wa bure, na huku kwetu muda tunaukodi. Hicho ndicho kitu wasee wa upande ule mwingine wa mji hawaoni. Kamera nakodi kwa siku. Ikipita saa kumi na mbili jioni nahesabiwa siku ya pili. Ile kadi iliyo ndani ya kamera ni ya mwenye kamera, kwa hivyo lazima niitoe video yote kabla ya kurudisha. Kama nahamisha kwa dakika 56 badala ya 22, hiyo tofauti naitoa kwa kushuti, ama naitoa kwa mfuko. Na stima ikipotea katikati, na inapotea, betri ya laptopu yangu inakaa saa moja na robo. Msee ana kamera yake, keja yake, jenereta kwa flati, kebo mbovu kwake ni kero. Kwangu ni siku ya pili ya kukodi.

Nimesema 22 kimakusudi, na si mbili, kwa sababu sitaki nikudanganye kama ile paketi. Kadi nyingi tunazotumia ni za UHS-I, na hizo njia yake mwisho ni megabaiti 104 kwa sekunde kwa karatasi, 90 hivi kwa ukweli. Hata ukiweka kebo ya Thunderbolt kwa diski, kadi ndiyo itakushikilia. Msafara unatembea kwa mwendo wa ngamia mchovu zaidi. Kwa hivyo kabla ununue kitu angalia mlolongo mzima: kadi, kisomaji, tundu la laptopu, kebo, diski. Laptopu nyingi za mitumba tunazonunua zina tundu moja la kasi na lingine la USB 2.0, na watu wanachomeka diski kwa lile karibu na mkono. Jaribu lingine kwanza. Inaweza kukuokolea 1,800.

Kuna wale wataniambia, "Buda, si uweke tu kwa intaneti, diski za nini?" Hebu tupige hesabu. Gigabaiti 128, intaneti ya kupandisha megabiti 10 kwa sekunde, ambayo kwa flati yetu ni siku njema: saa 28 na kitu. Siku nzima na usiku wake. Na hapo hakuna jirani anaangalia mpira.

Tena hiyo intaneti nayo ni waya, tunasahau. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, kebo za nyuzi za kioo zimelala chini ya bahari, moja inaenda mpaka Fujairah kule Emarati. Mwezi wa tano 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja kule kusini na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa, mkakumbuka bahari iko. Sasa hiyo mwanga inasafiri maelfu ya kilomita, inapanda kutoka Mombasa, inafika Umoja salama, inafika kwa sanduku la flati. Kutoka hapo kwa sanduku mpaka kwa nyumba yako, mita ishirini, fundi amevuta waya ya bei ya chini kabisa, ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu, imepita kwa ngazi, imekunjwa kwa msumari, watoto wanabembea nayo. Halafu tunalaumu bahari.

Nirudi kwa video na sauti, juu kuna uongo mwingine unauzwa na huu ni wa kinyume: wa kuuziwa kasi usiyohitaji.

Nina mabeste wana studio za sauti kwa bedsita, godoro kwa ukuta, maikrofoni moja. Wanashawishiwa wanunue vifaa vya Thunderbolt ati sauti itakuwa "safi zaidi." Hebu hesabu tena. Sauti ya stirio ya biti 24, mara 48,000 kwa sekunde, ni megabiti 2.3. Hata USB 2.0 ya kale inakula hizo na kulala. Ndio maana vifaa vingi vya kurekodia sauti, hata vilivyo na mdomo wa USB-C, ndani bado ni USB 2.0 na hakuna mtu analia. Hiyo pesa peleka kwa maikrofoni, ama nunua godoro la pili la ukuta.

HDMI nayo. Utaambiwa hii imepakwa dhahabu, rangi zitakuwa nzito. Hapana. HDMI ni dijitali, namba zinafika ama hazifiki. Zikikosa kufika utaona vinukta vinameta kama theluji, ama skrini inakuwa nyeusi na kurudi. Hakuna kebo ya kufanya buluu iwe buluu zaidi. Video ya 1080p ya picha 60 kwa sekunde ni kama gigabiti 3, na kebo ya kawaida ya kasi inafika 10. Ukiwa unaunganisha dikoda na TV ya mathe, ile ya bei ya chini inatosha kabisa, wacha kulipa thao mbili. Ukienda 4K ya picha 60 ndio uanze kutafuta iliyoandikwa Premium High Speed, na ile ya Ultra High Speed ya gigabiti 48 ni ya wenye michezo mizito. Na usinunue kwa kuona "2.1" kwa paketi. Hiyo ni namba ya kiwango, si jina la kebo.

Mahali HDMI inatuangusha kweli ni urefu na kutikisika. Panda nganya yoyote ya 58 ya Buruburu jioni. Kifaa kimoja cha kucheza video kiko mbele kwa dereva, kigawanyaji, halafu kebo ndefu zimefichwa kwa dari mpaka skrini za nyuma kabisa. Besi ikipiga, gari likipita tuta pale Jogoo Road, skrini ya nyuma inazima. Abiria wanadhani ni skrini mbovu. Ni mdomo wa HDMI hauna kufuli, unashikiliwa na msuguano tu. Mafundi wa nganya nawapa heshima, wamejua kuifunga na gundi na vibanio mpaka inakaa. Hakuna chuo kilichowafunza hiyo.

Makanisa pia. Nimefanya kazi na makanisa mawili hapa mtaani ya kurusha ibada moja kwa moja, na yote mawili walikuwa wamenunua HDMI ya mita 30 kutoka kamera ya nyuma mpaka meza ya mbele, na picha ilikuwa inakatika wakati wa mahubiri. Kwa urefu huo tumia SDI, ile waya ya runinga yenye mdomo wa kuzungusha unaojifunga. Inaweza kwenda kama mita 100 kwa picha ya HD, na mtu akijikwaa haichomoki. Kanisa moja lilinielewa. La pili mzee wa kamati aliniambia, kwa upole sana, "Mwanangu, hii tayari tumeinunua," na mpaka leo wanakatikiwa.

Sasa kipimo. Hiki ndicho nilichoandikia haya yote. Tafuta faili moja kubwa, gigabaiti 10 hivi, iweke kwa laptopu. Chomeka diski yako ya SSD na kebo unayoshuku, hamisha, angalia saa. Ikichukua kama dakika tano, hiyo ni USB 2.0, ibaki kwa chaja. Ikichukua chini ya nusu dakika, iko sawa, ifunge utepe wa rangi na usimpe mtu. Kwenye Windows dirisha la kuhamisha linakuonyesha megabaiti kwa sekunde, ukiona inaganda kwa 35 mpaka 40 umeshajua. Ukienda Luthuli kununua, beba laptopu na diski kwa begi, shika begi vizuri, na uombe ujaribu kabla ulipe. Wengine watakataa, ondoka. Nimegundua wenye wanakubali ni wengi kuliko nilivyodhani. Mmoja hata alivuta kiti akaangalia nami, akatenga mbili zilizopita akaandika bei mpya juu yake hapohapo, ambayo sikuifurahia sana.

Nimepima kebo za keja yangu zote. Zilikuwa tisa. Moja tu ndiyo ya kasi, na ni ile ya 1,800. Jumapili hii kuanzia saa nane nitakuwa Mutindwa na laptopu na diski, kwa kibanda cha beste yangu wa kompyuta. Leta waya zako tuzipime, ni bure, lakini chai unajinunulia. Na kama wewe ni yule bibi harusi wa Donholm na unasoma hii, nimeihariri ile video upya kutoka mwanzo. Niambie shosho yuko Murang'a sehemu gani, niipeleke mwenyewe.